Kapteri ya joto ya maji: namna ya kuipima na kuibadilisha



Kila mwaka katika fizika tunafundisha sheria ya Ohm: volti ni sawa na rezistansi mara amperi. Wanafunzi wanaiandika katika kaye, wanaikamata kwa kichwa, wanapata pointi zao, na kisha egzamini wanaiacha pale kwenye ubao. Wanazani ni kitu cha masomo tu. Katika numero hii nataka tuifuate mpaka barabarani, ndani ya gari zenye zinapanda na kushuka milima ya Bukavu, sababu kule inatumika kila dakika, na mutu asiyeijua analipa feza mingi bure.

Tutasema juu ya chombo kimoja kidogo, kisichopita urefu wa kidole: kapteri ya joto ya maji ya moteri. Kapteri ni kitu chenye kupima jambo fulani na kupeleka habari yake kwa njia ya umeme. Gari za leo ziko nazo mingi. Ingine inapima hewa yenye kuingia, ingine inaangalia namna moteri inazunguka, ingine inanusa moshi ndani ya bomba. Nimechagua ile ya joto kwa kuwa bei yake ni ndogo, kuipima si kazi ngumu hata kwa mwanafunzi, na inapoharibika inafanya watu wanunue buji, pompi na batri wakati vile vya zamani havikuwa na kosa lolote.

Sababu gani moteri inataka kujua joto

Esansi ikiwa maji-maji haiwaki vizuri. Inapashwa kugeuka mvuke kwanza na kuchanganyika na hewa. Wakati moteri iko baridi, sehemu ya esansi inashikamana na kuta za njia ya hewa na za silinda, haigeuki mvuke, sawa vile nguo zenye kuanikwa siku ya mvua hazikauki upesi. Njo maana asubui moteri inaomba esansi zaidi: nyingi inapotea kwenye kuta, kidogo inawaka. Moteri ikisha kupata moto, inaomba kidogo tu.

Katika gari za zamani zenye karbirateri, kama Peugeot 404 ambazo wazee wetu walitembeza, dereva mwenyewe alifanya kazi hiyo. Asubui alivuta kifungo cha starteri, hewa ikapunguka, esansi ikazidi. Baada ya kilometre moja ao mbili akakirudisha. Mwenye kusahau kukirudisha aliona moshi mweusi nyuma yake. Gari za enjekteri hazina kifungo kile. Kuko kalkilateri, ni kusema kisanduku cha elektroniki chenye kuhesabu ni esansi gani itarushwa kila mara. Lakini kalkilateri imefungiwa ndani ya sanduku, haioni, haigusi. Inajua tu yale makapteri yanaiambia. Ikiambiwa uongo itatii uongo, tena kwa uaminifu wote.

Kapteri ya joto inasaidia mambo mengine pia. Kwa gari mingi ni hiyo inaamuru ventilateri ya radiateri ianze kuzunguka. Inasaidia kupanga wakati wa cheche ya buji na namna moteri inazunguka ikiwa gari imesimama. Kwa hiyo kosa moja dogo linaweza kuonekana kama makosa ine tofauti, na kila fundi anashika moja.

Ndani yake kuko nini

Ndani ya kichwa cha shaba kuko punje moja ya kitu kinachoitwa termistansi. Waya wa kawaida ukipata moto, rezistansi yake inapanda. Termistansi ya gari inafanya kinyume: moto ukizidi, rezistansi inashuka, na inashuka sana. Hapa ni hesabu yenye inakutwa katika gari mingi za Japani na za Ulaya, karibu-karibu. Kwa digri 0, omu 6.000. Kwa digri 20, omu 2.500. Kwa digri 40, omu 1.200. Kwa digri 60, omu 600. Kwa digri 80, omu 320. Kwa digri 100, omu 190. Muandike hesabu hizi katika kaye, tutazitumia mpaka mwisho. Gari fulani ziko na hesabu zao tofauti, lakini mwendo ni ule ule: baridi kubwa, omu nyingi, moto mwingi, omu kidogo.

Namna gani kalkilateri inasoma omu? Haiwezi kuzisoma. Inasoma volti. Inatuma volti 5 kupitia rezistansi moja isiyobadilika yenye iko ndani yake, kisha waya unakwenda mpaka kwenye kapteri, unapita katika termistansi na kurudi kwenye masi. Volti 5 zinagawanyika kati ya rezistansi zote mbili, kila moja inatwaa sehemu kufuatana na ukubwa wake. Kalkilateri inapima ile sehemu ya kapteri.

Tuseme kwa mufano rezistansi ya ndani ni omu 2.500. Asubui ya digri 20 kapteri iko na omu 2.500 pia. Zinagawana nusu kwa nusu, kalkilateri inaona volti 2,5. Moteri ikifika digri 80, kapteri inabaki na omu 320. Jumla ni 2.820. Tunachukua 5, tunazidisha kwa 320, tunagawanya kwa 2.820: tunapata karibu volti 0,57. Munaona, hakuna kitu kingine zaidi ya sheria ya Ohm.

Sasa muwaze haya. Waya ukikatika, umeme haupiti, volti zote 5 zinabaki pale. Kalkilateri inasoma baridi isiyoweza kuwa, digri 40 chini ya sifuri. Waya mbili zikigusana, volti inakuwa 0, nayo inasoma moto wa ajabu, digri 140 hivi. Katika hali hizo mbili kalkilateri nyingi zinatambua kwamba si kweli, zinawasha taa ya moteri kwenye tablo ya dereva, na zinatumia hesabu ya kuazima, mara mingi digri 80, kusudi gari ifike nyumbani. Taabu kubwa haitoki huko. Taabu kubwa ni kapteri yenye kusema uongo unaofanana na kweli.

Alama za kuangalia

Kapteri ikisema «baridi» wakati moteri iko moto, esansi inazidi. Moshi unakuwa mweusi, harufu ya esansi inatoka kwenye bomba, buji zinajaa masizi makavu, na gari inakunywa esansi kama punda mwenye kiu. Ukizima moteri moto na kutaka kuwasha tena baada ya dakika kumi, inakataa: silinda zimejaa esansi. Ikiendelea hivyo siku mingi, esansi inaosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuingia katika mafuta ya chini, yanakuwa mepesi, na vyuma vinaanza kulana. Katalizeri nayo inaweza kuungua.

Kapteri ikisema «moto» wakati moteri iko baridi, ni kinyume. Asubui gari inazunguka starteri (hapa nasema ile ya batri) bila kuwaka, ao inawaka na kuzimika, inatetemeka, kisha ikipata moto inakuwa muzuri. Hapo watu wanashitaki batri.

Lakini alama si ushahidi. Moshi mweusi unaweza kutoka pia kwa enjekteri yenye kuvuja ao filtre ya hewa iliyoziba. Kwa hiyo tunapima.

Taxi moja

Musimu wa mvua uliopita jirani mmoja wa masomo yetu, dereva wa taxi, alikuja na Toyota Corolla ya esansi. Asubui iliwaka mara moja. Akifika Kadutu, akizima kungoja wateja, haiwaki tena. Abiria wanashuka, wanaingia katika gari ingine. Fundi wa kwanza alibadilisha buji. Baada ya juma moja zilikuwa nyeusi tena. Wa pili alisema pompi ya esansi. Wa tatu alisema batri. Taa ya moteri haikuwaka hata siku moja, njo sababu hakuna aliyefikiri makapteri. Feza yote ile ilitoka kwenye minervali ya mutoto wake, na mutoto alibaki nyumbani.

Kabla ya kufungula kapo, nilimwuliza:

– Papa, ikikataa kuwaka unafanya nini?

– Mwalimu, ninangoja kidogo, kisha ninakanyaga akseleratere mpaka chini, ninazungusha starteri. Inakohoa, inawaka, moshi mweusi inajaa barabara.

Jibu hili lilikuwa na bei kubwa. Katika gari mingi za enjekteri, ukikanyaga akseleratere mpaka mwisho wakati wa kuzungusha starteri, kalkilateri inapunguza ao kukata esansi, kusudi silinda zikauke. Dereva alijigundulia dawa bila kujua ugonjwa. Kama pompi ingekuwa na kosa, moteri ingekosa esansi, na kukanyaga vile kusingesaidia. Wanafunzi wa mekanika, muanze siku zote kwa kumwuliza mwenye gari; yeye analala nayo na kuamka nayo.

Tulipima asubui, moteri baridi kabisa: omu 3.100. Kwa baridi ile ya asubui haikuwa mbali sana na kweli. Tukawasha, tukaacha moteri ipate moto mpaka mupira wa juu wa radiateri haukushikika kwa mukono. Tukazima, tukapima tena: omu 2.900. Mutazame hesabu zetu pale juu. Ilipashwa kuwa karibu omu 300. Kapteri ilikuwa imelala: moteri iko digri 80 na zaidi, nayo inaambia kalkilateri kwamba ni digri 16 ao 17, asubui ya mvua. Na kwa sababu digri 17 ni joto linaloweza kuwa, kalkilateri haikuwa na sababu ya kuwasha taa.

Bei ya kapteri mupya ilikuwa chini ya bei ya zile buji ine za kwanza. Gari ilirudi kwenye kazi siku ile ile. Mutoto alirudi masomoni, lakini egzamini za muhula ule zilikuwa zimekwisha.

Namna ya kupima

Mutahitaji multimetri, hata ya bei ndogo, na akili tulivu. Kwanza mujue ni kapteri gani. Kwenye njia ile ile ya maji, karibu na termostati, mara mingi mutakuta vyombo viwili ao vitatu vinavyofanana. Kile cha waya moja tu, katika gari za zamani kidogo, mara mingi ni cha kupeleka joto kwenye saa ya dereva. Ingine inaweza kuwa swichi ya ventilateri. Ile ya kalkilateri iko na waya mbili, na fishi yake katika Toyota mingi ni ya rangi ya kijani. Nimeona watu wakibadilisha kile cha saa ya dereva, na kushangaa kwamba gari haijapona. Saa ya dereva inaweza kusema kweli na kapteri ya kalkilateri ikasema uongo, sababu si chombo kimoja.

Gari ikiwa na skaneri, ao simu yenye programu pamoja na kile kichomeko kidogo cha Bluetooth kinachoingia katika fishi ya matundu 16 chini ya tablo, muanze hapo. Muangalie joto ya maji asubui kabla ya kuwasha. Gari iliyolala usiku kucha inapashwa kuonyesha joto karibu sawa na ile ya hewa ya nje na ya hewa yenye kuingia katika moteri. Ikionyesha digri 60, kuko uongo. Kisha muwashe na kutazama hesabu ikipanda pole pole, bila kuruka. Ikiruka toka 45 mpaka 110 na kurudi, ni kapteri ao fishi. Kodi P0117 maana yake volti ni chini sana, P0118 volti ni juu sana. Gari mingi za Toyota za miaka ya 1990 hazina fishi hiyo. Chini ya kapo kuko kisanduku kimeandikwa DIAGNOSTIC. Mukiunganisha tundu TE1 na tundu E1 kwa kipande cha waya, kontakti imefungulwa na moteri haizunguki, taa ya moteri inapepesa. Mara mbili, kupumzika, tena mara mbili: ni kodi 22, njia ya kapteri ya joto ya maji. Musome vizuri majina ndani ya kifuniko, musitie waya popote.

Nimesema «njia ya kapteri», sikusema «kapteri». Watu wengi wanasoma kodi na kukimbia kununua. Kodi inasema tu kwamba volti yenye kufika haifai. Inaweza kuwa kapteri, inaweza kuwa fishi iliyoota kutu ya kijani, inaweza kuwa waya ulioliwa na panya. Gari yenye kulala karibu na gala ya mahindi, muangalie panya kwanza.

Kwa kutenganisha haya, mutoshe fishi. Mushike kile kidoko cha kufungia, musivute waya. Muweke kontakti bila kuwasha moteri, mupime volti kati ya waya mbili za fishi: zinapashwa kuwa karibu 5. Mukikosa 5, kosa liko upande wa waya ao wa kalkilateri, na kapteri mupya haitasaidia hata kidogo. Kama muko na skaneri, fishi ikiwa imetoka inapashwa kuonyesha digri 40 chini ya sifuri. Mukiunganisha waya mbili za fishi kwa kipande cha waya, joto inaruka kupita digri 120. Ikifanya yote mawili, njia ni nzima na mugonjwa ni kapteri. (Gari zingine zinaazima hesabu yao mara moja, kwa hiyo musishangae mukiona 80.) Muangalie vidole! Mukitosha fishi hiyo, ventilateri ya gari fulani inaanza kuzunguka yenyewe, na haipigi hodi.

Kisha mupime omu za kapteri yenyewe, baridi na moto, kama tulivyofanya na taxi. Kupima mara moja tu hakufai. Ile ya taxi, kama tungeipima asubui peke yake, tungeiita nzima.

Kubadilisha

Moteri iwe baridi. Neno hili si la kurembesha somo. Maji ya moteri yamefungwa kwa nguvu chini ya kifuniko cha radiateri, njo maana yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Bukavu yetu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria yanachemka kwa digri 95 hivi. Mukifungula kifuniko wakati wa moto, nguvu inatoka ghafula, na maji yote yanageuka kuchemka kwa mara moja na kuruka usoni. Watu wamepoteza macho yao hivyo. Mungoje saa mbili. Asiyeweza kungoja asifanye kazi hii.

Kapteri mupya ipimwe kabla ya kufungwa. Muweke maji katika sufuria juu ya mbabula, muzamishe kichwa cha shaba tu, upande wa fishi ubaki mukavu, na mupime omu maji yakianza baridi mpaka yakichemka. Ile ya taxi ilitoa 2.450 katika maji ya digri 20, na 220 katika maji yenye kuchemka. Mukumbuke kuchemka kwetu ni 95, si 100. Musikatae kapteri nzuri sababu ya kitabu kilichoandikwa na mutu wa pwani. Jaribu hili linafaa sana kwetu, kwa kuwa katika maduka kuko kapteri zenye fishi inaingia sawasawa na bulo inafunga sawasawa, lakini hesabu zake ni za gari ingine.

Mukisha, mutoshe waya hasi wa batri, mufungule bomba la chini la radiateri na kupokea maji kiasi katika ndoo safi, mpaka yashuke chini ya kapteri. Kama ni antijeli, muifunike, ni tamu na ni sumu. Mbuzi na watoto wanaikunywa. Toyota mingi zinaomba ufunguo wa 19, ule murefu wenye kufunika kapteri yote. Mutoshe pole pole. Shimo mara mingi ni katika aluminiyo, na aluminiyo haivumilii nguvu. Mupanguse mahali, muweke rondeli mupya, muanze kufunga kwa vidole mpaka mwisho, kisha ufunguo kidogo. Kwa Toyota mingi kipimo ni nyutoni-metre 20, ni kusema nguvu ya mukono moja bila kujitupa juu yake. Musiweke ukanda mwingi wa plastiki kwenye nyuzi za kapteri: zile za waya moja zinapata masi yao kupitia chuma, ukanda unaweza kuikata.

Mujaze maji, muwashe moteri kifuniko kikiwa wazi tangu baridi, muache hewa itoke mpaka termostati ifunguke na maji yashuke, mujaze tena, mufunge. Kazi hii ya kutosha hewa wengi wanaipuuza. Kapteri yenye kukaa ndani ya povu la hewa haigusi maji, itasema uongo hata ikiwa mupya. Kodi za zamani zifutwe kwa skaneri, ao kwa Toyota za zamani mutoshe fizibli ya EFI kwa sekunde 30 ao zaidi. Muangalie kama hakuna tone lenye kuvuja. Na kama gari ilitembea siku mingi na esansi kuzidi, munuse kijiti cha mafuta ya moteri: kikinuka esansi, mafuta yabadilishwe pia, la sivyo kazi yenu ni nusu.

Mambo mawili ninayoyakataza

Kuko mafundi wenye kuuza akili ya haraka: wanakata fishi na kuweka rezistansi ya redio ya omu 300 mahali pa kapteri. Gari inaacha moshi, mwenye gari anashukuru. Lakini sasa kalkilateri itaamini siku zote kwamba maji ni digri 80 hivi. Asubui gari haitawaka vizuri, hilo tuliache. Siku maji yatakapopotea na moteri ikapanda, ventilateri yenye kuamuriwa na kapteri hiyo haitazunguka, kalkilateri haitajua, na kichwa cha moteri kitapindika. Kwa ajili ya kapteri moja mutu anapoteza moteri.

La pili ni kutosha termostati «kusudi moteri isipate moto». Desturi hii imezoewa sana kwetu, na najua kuna watakaonikasirikia. Termostati inafunga njia mpaka maji yafike joto yenye kufaa. Bila hiyo, katika baridi yetu ya milima moteri inaweza kukaa digri 50 ao 60 safari nzima. Hapo kapteri inasema kweli kabisa: «kungali baridi», na kalkilateri inaongeza esansi siku zote. Mutabadilisha kapteri tatu bila kuponya kitu. Moteri yenye kupata moto kupita kiasi iko na ugonjwa wake mwingine, radiateri iliyoziba, pompi ya maji iliyochoka ao ventilateri, na huo ndio wa kutafutwa.

Mazoezi

Mutumie rezistansi ya ndani ya omu 2.500 na volti 5.

1. Maji yako digri 40. Kalkilateri inaona volti ngapi?

2. Gari imetembea nusu saa toka Bukavu kuelekea Kavumu. Multimetri inaonyesha volti 3,6 kwenye waya ya kapteri. Mutafute omu, kisha joto yenye kalkilateri inaamini. Joto hiyo inaweza kuwa kweli katika gari hiyo? Taa ya moteri itawaka, ao haitawaka? Museme sababu.

3. Kati ya kapteri na fishi, kutu imeongeza omu 1.000. Moteri ni digri 80. Kalkilateri itaamini ni digri ngapi, na mutagundua namna gani kwamba kapteri yenyewe haina kosa?

Wale wa mekanika wajibu zote tatu, wengine mbili za kwanza zinatosha. Karatasi ziachwe katika ofisi ya masomo mbele ya siku ya ine; majibu yatatoka katika numero inayofuata.